Mwanasesere wa Wifi

Wifi yangu ni kiguu na njia. Ukimkaribisha kiti, atakaa ukingoni tu, na kabla chai haijapoa ameshasimama anakupangia viatu mlangoni. Kazi yake inamfaa: anafundisha chekechea, watoto wa miaka minne, ambao hawatulii hata ukiwapigia magoti.

Mwaka huu binti yake mwenyewe yumo darasani humo. Mtoto amechukua rangi ya kwetu, nyeusi ya kung'aa, na mimi shangazi yake najivunia kwelikweli. Lakini ghafla akawa hataki kuvua sweta, joto lote hili. Mama yake alipombana, akasema wenzake wanamwita Mkaa, na kwenye mchezo wa harusi wamemkatalia kuwa bibi harusi.

Wifi akakosa raha kabisa. Alinivamia kwenye chumba changu cha ushonaji bila hodi, akaanza kuizunguka cherehani.

"Wifi, nishonee mwanasesere. Mweusi kama wewe."

"Asante kwa sifa. Kaa basi tuongee."

"Nikae niongee nini? Wanasesere wote wa darasani ni wa waridi, nywele za njano. Mwanangu atajipenda vipi?"

Nikashona. Kitambaa cha kahawia iliyokoza, nywele za nyuzi za sufu, nikazisuka mistari, gauni jekundu lenye lesi. Alipendeza mpaka nikaona uchungu kumtoa.

Wifi akampeleka darasani kwa mbwembwe. Akatunga wimbo wa kusifu rangi za ngozi zote. Akatundika kioo kwa kimo cha watoto, akakihamisha, akakihamisha tena. Nilipopita kupeleka aproni za kuchorea, nikamkuta mwanasesere wangu ameshikishwa ufagio: watoto wamemfanya dada wa kazi, na yule wa waridi ndiye bibi harusi. Nilitamani kuwanyang'anya wote! Wifi alimwondolea ufagio, akamvika shela. Alipogeuka tu, shela ikarudi kwa yule wa waridi. Na aliyeirudisha alikuwa binti yake.

Jioni ile wifi aliondoka na binti yake na mwanasesere, nami nikawasindikiza hadi kwao. Akawa anafungua kabati na kulifunga, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Nimekosea wapi, wifi? Wimbo nimeimba, kioo nimeweka."

Kabla sijamjibu, tukagundua mtoto yuko kimya mno. Tulimkuta chumbani, mwanasesere mapajani, amempaka mafuta meupe usoni na mikononi. Kopo la mama yake lilikuwa wazi pembeni.

"Unafanya nini?" wifi akauliza.

"Nampaka yako, mama. Akiwa mweupe kama wewe, watampa shela."

Ule mkorogo wake wa kujichubua nilikuwa nimeusema mpaka nikachoka. Kila mara wifi hunijibu ni mafuta tu ya kulainisha. Siku hiyo alikaa chini, sakafuni, akatulia, na mimi nikaogopa kuliko kama ningemwona akilia. Vifundo vya vidole vyake, ambavyo mafuta yale hayakuviweza kamwe, vilikuwa vyeusi kama vyangu.

"Haya mafuta mabaya, mwanangu," alisema mwishowe. "Yanaumiza ngozi. Mama alikosea kuyapaka."

Akalimwaga kopo lote chooni. Kisha akamwosha mwanasesere pamoja na mtoto, polepole, kwenye beseni moja.

Uso wa wifi haukumwonea huruma. Baada ya wiki chache bila mkorogo ulikuwa na mabaka, shavu moja rangi hii, jingine ile. Wazazi walinong'ona getini. Asubuhi nyingine alizunguka ua wa shule mara kadhaa kabla ya kuthubutu kuingia darasani. Lakini aliingia.

Nilikuwepo siku watoto walipochora mama zao. Binti yake alichukua kalamu ya kahawia, akakandamiza mpaka ikavunjika, akaendelea na kipande. Uso mzima rangi moja. Wifi akainama, akagusa baka la shavuni mwake.

"Na hapa je? Mbona hujapachora?"

"Hapo nimekuchora umeshapona," mtoto akasema.

Kisha akavua sweta, akalitupa kitini, akakimbilia kwenye mchezo wa harusi kudai shela yake.