Usimsingizie Mungu

Nakumbuka siku moja kule Ikola, kando ya ziwa, mwanangu Sista Editha, na nitakusimulia nikiwa na hasira zangu zote, kwa hiyo usiniambie nitulie kwanza. Nimetulia miaka mingi. Kaa wewe.

Jana yule mama wa Kisukuma, Milembe, aliletwa kwenye zahanati yetu kutoka upande wa Sibwesa kwa mkokoteni wa ng'ombe, uchungu umemshika tangu alfajiri. Zamu ilikuwa yako. Ukampima, ukamwambia bado, ukaenda kwenye mazoezi ya nyimbo za jubilei, ukakaa huko mpaka mtoto akafia tumboni. Halafu ukarudi, ukamshika bega, ukamwambia, "Pole mama, kazi ya Mungu haina makosa." Nilikuwa nimesimama mlangoni na fimbo yangu. Nilitamani kuitumia kwa kazi nyingine fimbo ile, Mungu anisamehe.

Sikukuchapa kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa mdomo huu huu.

Nilikuwa mnovisi, sista mwanafunzi, sijaweka hata nadhiri za kwanza. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, na watu walivuka kwa boti na mitumbwi, wengine na sufuria moja kichwani, wengine na kidonda cha risasi kilichofungwa kwa kitenge. Kipindupindu kikaingia. Shule ikafungwa, madarasa yakawa wodi, tukawalaza wagonjwa kwenye mikeka na chupa za dripu tukazining'iniza kwenye misumari ya ukutani. Harufu ya dagaa wanaokauka mchangani na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu, mpaka leo sijui kuzitenganisha.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Adelina, mkunga, Mfipa mfupi mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku moja viongozi wa kijiji walikuja kumwambia wagonjwa wa kijiji watibiwe kwanza, wageni baadaye. Akasimama katikati ya mlango akawajibu, "Anayetapika zaidi ndiye wa kwanza. Kama mnataka nafasi yake, laleni pale." Wakaondoka. Mimi nilicheka kimoyomoyo, nikajiona na mimi ni jasiri kama yeye. Ujana, mwanangu. Mwoga wa jana akisimama nyuma ya mtu shujaa hujiona ameshinda vita.

Jioni ile nilipewa wagonjwa wanne. Mmoja alikuwa binti aitwaye Zawadi, rika langu, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Sista Adelina alihangaika sana kuupata mshipa mmoja mkononi. Alipoupata akaniambia, "Agata, chupa hii isikauke. Ikikaribia kwisha, badilisha. Huna kazi nyingine."

Unajua maisha ya mnovisi. Tulifundishwa kwamba kengele ikilia unaacha hata herufi uliyoianza kuandika, unaenda kusali. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, inagongwa kwa nondo. Ikalia, saa ya Masifu ya Jioni. Nikatazama chupa, imebaki kidogo. Zawadi akaniita kwa sauti ya kukwaruza, "Sista, maji inaisha." Nikamjibu, "Nakuja sasa hivi, ni saa ya sala." Chupa mpya ilikuwa chumba cha pili. Hatua kumi na tano, mwanangu! Sikuzipiga. Sikumwambia mtu yeyote kwamba naondoka. Nilinawa mikono, nikanyoosha shela langu, nikaenda kuimba zaburi, tena niliimba vizuri, na nikafurahi kwamba mama mlezi wa manovisi ameniona nimewahi.

Niliporudi, Sista Adelina alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Dripu ilikuwa imekauka, damu imeganda kwenye sindano, na mishipa ya Zawadi ilikuwa imepotea kabisa. Alichoma mkono wa kulia, wa kushoto, akachoma mguu. Nikasimama nimeshika rozari kama mjinga. Zawadi alikata roho mbele yetu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kengele ililia, Sista."

"Kengele italia tena kesho. Huyu je?"

Nikaitazama chupa tupu ukutani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipojikwaa na wewe. Mama yake Zawadi alikuwa nje, akifua kanga za mwanawe. Nilitumwa kumwita. Nilimshika bega, kama wewe ulivyomshika Milembe, nikasema, "Mama, pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa." Yule mama akakaa chini kwenye matope, akaanza kujipiga kifua. "Kosa ni yangu! Kule mu mtumbwi alililia maji, miye nikamupatia ya ziwa. Ni miye nimemuua!"

Na mimi, mwanangu, nilinyamaza. Nilimwona mama anajihukumu kwa kosa langu, nikanyamaza, na ndani yangu nikasikia nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonichoma mpaka leo kuliko kifo chenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga hawakukosea. Wangu nilimtwika yeye, nikaona mwepesi.

Sista Adelina alikuwa amenifuata, amesikia. Sijawahi kumwona mtu mwenye hasira vile. Alinishika mkono akanigeuza, akasema mbele ya watu wote, "Usimsingizie Mungu! Mungu hakuwa zamu, wewe ndiye ulikuwa zamu. Mwambie mama huyu ulichofanya. Sasa hivi, kabla hajanyanyuka hapo."

Nikapiga magoti kwenye matope, nikasema. Kwamba chupa ilikuwa inakwisha, kwamba binti aliniita, kwamba nilimwacha nikaenda kusali. Kwamba maji ya ziwa yalimpa ugonjwa, lakini binti alifika mikononi mwetu akiwa hai, na angeweza kupona.

Ungependa nikuambie alinikumbatia. Hakunikumbatia. Aliniuliza, "Alikuita?" Nikasema ndiyo, aliniita. Akaacha kujipiga kifua, akasimama. Nilipochukua beseni nimsaidie kumwosha marehemu, akalichukua mkononi mwangu. "Toka. Nitamuosha mwenyewe." Hakunisamehe, na sikumdai msamaha. Lakini aliacha kujipiga, Editha. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Ndiyo maana leo siwezi kunyamaza. Asubuhi wakati wanampakia Milembe kwenye mkokoteni, wewe ukiwa chumbani umejifungia na machozi yako, mimi nilikuwa uani. Mama mkwe wake alikuwa anasema, tena kwa sauti, kwamba mwanamke huyu amechelewa kuja kwa ubishi, kwamba ana mkosi, kwamba atafutiwe mumewe mke mwingine. Na Milembe akiitikia kwa kichwa! Alikuja mapema, alifika jana saa mbili asubuhi, nimeuona muda kwenye daftari. Sasa anakwenda kuishi kwenye boma lile kama muuaji wa mtoto wake, kwa sababu sisi watumishi wa Bwana tuna sentensi nzuri ya kujifichia. Nimekasirika! Nimewakasirikia wote wanaowaona hawa wafugaji kama watu wa kusubiri, watu wasiojua kuuliza. Angekuwa mke wa mkubwa fulani kutoka Mpanda, ungeenda kuimba? Jibu moyoni mwako, mimi nalijua.

Usinieleze habari ya uchovu. Najua mko wauguzi wawili tu na zamu haziishi, na hilo nitalipigania mimi kwa wakubwa, ulimi wangu bado mzima. Lakini zamu ya jana ilikuwa yako.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Mgonjwa akikuita, hiyo ndiyo saa yako ya sala, na kama ni lazima uondoke, mkabidhi kwa mtu mmoja unayeweza kumtaja kwa jina. Na ukikosea, kwa sababu utakosea tena, sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Faraja iliyojengwa juu ya uongo humlalia mnyonge, maana katika nchi hii akikosekana wa kulaumiwa, atalaumiwa mwanamke. Leo utakwenda Sibwesa. Utamwambia Milembe ukweli mbele ya mama mkwe wake na mumewe, waelewe kwamba hakuchelewa. Wakikutukana, sikiliza. Wakikufukuza, toka kwa heshima. Usiombe wakuonee huruma. Ukirudi utaiandika taarifa kama ilivyokuwa, na adhabu yoyote itakayokuja, tutaipokea.

Pikipiki mbili zinatungoja nje; mimi nitakaa nyuma kwenye ya pili, na magoti yangu haya haya ya uzee.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Basi Mungu huyo huyo akufungue ulimi pale utakapokuwa mzito, aishike miguu yako isigeuke nyuma, na amfute Milembe machozi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyafuta. Nakubariki, mwanangu, ingawa hasira haijaisha. Amina. Haya, kavae viatu.