Bastola ya Baba

Kila mara fundi akitia mafuta cherehani yangu, harufu yake hunirudisha Maskati, siku zile tulipokuwa wageni kutoka Unguja. Baba alinunua sokoni bastola kuukuu, nzito, ya risasi nene, inayonuka mafuta kama hayo. Akatuchukua bondeni, mimi na mama, akaijaribu. Alivuta kijinyundo chake kwa kidole gumba, kisha akafyatua. Mlio ukagonga majabali.

Nilipogeuka, mama alikuwa kalala kifudifudi kwenye changarawe, akiwaita kaka zangu wawili waliouawa kwa risasi, tuliowazika kule Unguja.

Baba akapiga magoti. "Inuka, mke wangu. Ni mimi. Sasa hawatugusi tena."

Mama akamtazama, uso umejaa vumbi. "Nnakuuliza, bwana. Kabaki nani wa kumlinda?"

 Nami nilikuwa nimesimama baina yao.