Saksafoni ya Mchana Kweupe

Kituo kizima cha redio kilimwita Mama Simu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wasikilizaji. Sauti tamu za watangazaji zilitoka kwa mlango wa mbele, matusi yakarudi kwa mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa sikio lake la kushoto. La kulia lilikwisha kuchoka zamani. Chini ya meza alivua viatu, akapandisha miguu iliyovimba juu ya boksi, na hakuna aliyethubutu kumwambia avivae.

Siku hiyo uchovu wake ulichanganyika na hofu. Mtoto wa dada yake alikuwa amekaa nyumbani na shahada yake mpaka majirani wakampachika jina la Msomi wa Kochi. Mama Simu alimbembeleza bosi, kijana akapewa saa nzima ya mchana apige rekodi za jazi mpya ya Waingereza. Bosi alitoa sharti: "Wakiikataa, saa hiyo naijaza matangazo ya sabuni, na mpwa wako arudi kwenye kochi."

Sasa, chuoni walimfundisha kijana kwamba muziki mzuri hujieleza wenyewe. Taarifa ya habari ilipokwisha hakusema hata neno. Aliachia saksafoni peke yake, ndefu, yenye simanzi, ngoma zikinong'ona kwa mbali.

Watu wa nchi ile wanaijua redio yao. Muziki usio na maneno mchana kweupe una maana moja tu: mkubwa fulani amefumba macho, na wakubwa wenzake bado wanabishana nani asome tangazo.

Simu ikalia.

"Nani amekufa?" aliuliza fundi cherehani, kwa kunong'ona.

"Hajafa mtu, baba. Ni muziki tu."

"Naelewa, dada, hamruhusiwi kusema. Ila nina suruali ya mtu wa serikali hapa. Nishone mguu wa pili au nisubiri kwanza?"

Akafuata mwenye duka aliyekwisha kufunga milango. Akafuata mwalimu mkuu.

"Bendera nimeishusha nusu mlingoti, watoto wamesimama juani. Tuimbe au tulie, mama?"

"Pandisha bendera, mwalimu. Watoto warudi darasani."

"Kwa amri ya nani?"

Mama Simu akaweka simu mezani. Akaenda peku mpaka studio. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, maana yake kipaza sauti kiko wazi, na taa nyekundu haiingiliwi. Akagonga kioo. Kijana alifumbua macho, akamwinulia dole gumba. Mama Simu akajigusa mdomo: sema! Kijana akatabasamu, akaonyesha ishara ya kula, akapunga mkono: baadaye, mama mdogo, tutakula baadaye.

Miaka yote aliyofanya kazi pale sauti yake haikuwahi kwenda hewani. Akasukuma mlango.

"Waambie watu hakuna aliyekufa!" alipaza sauti juu ya saksafoni. "Ni Waingereza tu!"

Nchi nzima ikamsikia.

Aliporudi mezani simu zilikuwa zinagombaniana. Wa kwanza alicheka mpaka akakata mwenyewe. Bibi mmoja alisema mpulizaji ana pumu, wamwahishe hospitali. Mwingine alitukana, kisha akatukana tena kwa msisitizo. Kisha fundi cherehani.

"Dada, ni wewe uliyepiga kelele? Hebu niambie, hizi kweli ngoma za Waingereza? Mbona kama za harusini kwetu! Zimekwenda ng'ambo zikarudi na tai."

"Basi nimwambie azime?"

"Aa, ziache. Mashine inakwenda nazo."

Bosi akatokea, mikono mfukoni. "Wanasemaje?"

Angeweza kusema uongo. Lakini uongo nao ni kazi, na nguvu zilikuwa zimemwishia.

"Wengi wameuliza msiba wa nani. Wengine wametukana."

"Kwa hiyo hawaipendi."

"Hawaipendi, bosi. Ila hawazimi. Mtu anayelalamikia wimbo wa sasa hivi, si redio yake inawaka?"

Simu ikalia tena. Safari hii bosi aliipokea mwenyewe. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu, na nyuma yake watoto walikuwa wakipiga makofi na kukanyaga ardhi kwa pamoja. Bendera imepanda, alisema, lakini watoto wamegoma kuondoka uwanjani. Kitu hicho kinarudi lini, ili siku hiyo awafungie madirisha mapema?

Bosi akasikiliza vishindo vya miguu.

"Wiki ijayo," akasema hatimaye. "Saa hii hii."

Msomi akatoka studio, jasho tele. "Mama mdogo, umewasikia watu?"

"Nimewasikia wote, mwanangu. Mmoja mmoja." Alirudisha miguu juu ya boksi. "Wiki ijayo, kabla hujapiga chochote, salimia watu kwanza."

Simu ikalia. La kushoto nalo lilikuwa limechoka sasa; akaihamishia sikio la kulia.