Nyigu na Kioo Kilichopinda

Mtoto wa marehemu kaka yangu aliitwa Nyigu na wenzake wa gemu, kwa sababu ukimchokoza hujui amekuuma saa ngapi. Jina lake la nyumbani ninalo mimi niliyempokea kwa mikono hii, lakini siku hizi namwita Nyigu kama wengine, maana ukimwita lile jingine akiwa mbele ya kompyuta haitiki. Ni mwanamke mzima, amevuka thelathini, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na mchana anafanya kazi katika duka la kutoa kopi. Tunaishi vyumba viwili. Kimoja changu na cherehani yangu, kimoja chake na kompyuta yake.

Watu wa rika langu wanaamini gemu ni mchezo wa watoto wasiotumwa dukani. Na mimi niliamini hivyo, nikasema sana, mpaka siku ile mlango ulipogongwa na wanaume wawili wamebeba jokofu. Nikawaambia wamekosea nyumba. Wakasema, "Hapana mama, hii ni zawadi ya Nyigu, kawapiga watu." Tangu hapo nikafunga mdomo. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu.

Mchezo wenyewe ni huu: watu watano wanaingia katika mji usiokuwepo, wanawinda watu watano wengine. Anayemwona mwenzake kwanza ndiye anayebaki hai. Nyigu alikuwa na jicho la mbele. Akitangulia kwenye mlango, wenzake nyuma yake wanatembea kifua wazi.

Kapteni wao ni fundi wa majokofu, mtu mnene, sauti kama pipa linaviringishwa. Mwaka ule timu yao iliitwa kwenye mashindano ambako wachezaji wazuri wangeajiriwa kabisa, wacheze kama watu wanavyokwenda ofisini, mshahara mwisho wa mwezi. Nyigu hakulala vizuri tangu alipopata habari ile.

"Shangazi," aliniambia, "nikiipata hiyo kazi, sinusi tena wino wa mashine mpaka nife."

"Kwani wino una ubaya gani? Baba yako alinusa rangi maisha yake yote."

"Na ikamfanya nini?"

Kaka yangu alikuwa mwandishi wa mabango. Duka gani la zamani halikuwa na mkono wake? Aliandika majina ya vinyozi, ya mabucha, ya shule, herufi zimesimama kama askari. Mwisho macho yakamfifia, akawa wa kushikwa mkono. Wote tulisema ni rangi imemla macho, ile ya mafuta na kile kimiminika kikali cha kuisafishia brashi. Kabla hajafa alimwapisha binti yake asishike brashi hata ya kupaka mlango. Fanya kazi yoyote, alimwambia, ila hii. Naye akatii. Akakimbilia kwenye kompyuta, ambako hakuna rangi.

Sasa, miezi michache kabla ya mashindano, Nyigu akaanza kuuawa. Si mbele, pembeni. Mtu anatokea upande wa kushoto, anampiga, na yeye hajageuka. Kapteni akaja nyumbani, akaketi kwenye kigoda changu kikalia.

"Nyigu, siku hizi unakufa kama kuku wa kununuliwa. Jamaa amesimama kwenye dirisha, anakaribia kukupungia mkono, wewe unapita tu!"

"Ni kioo," Nyigu akasema. "Kioo changu cha kompyuta ni kizee. Picha zinachelewa kunifikia. Nyinyi mna vioo vya maana, mimi nacheza kwenye sufuria."

"Basi tafuta kioo. Tutajipima kabla ya kwenda. Ukiendelea hivi, kiti chako nampa Kobe."

Kobe alikuwa mchezaji wao wa akiba. Jina linatosha.

"Kobe?" Nyigu akaruka. "Kapteni, heri unizike!"

Wakacheka wote wawili, lakini Kapteni alicheka mdomoni tu.

Basi ikawa hadithi ni kioo. Asubuhi kioo, jioni kioo. Mimi natia uzi kwenye sindano, namshukuru Mungu bado natia bila miwani, yeye ananisomesha. Kioo cha kawaida kinabadilisha picha mara sitini katika sekunde moja. Hivi vipya vinabadilisha mara mia na zaidi, kwa hiyo adui akichungulia unamwona mapema. Hizo mara wanaziita hezi. Na tena vipo vilivyopinda, vinamkumbatia anayecheza.

"Unataka cha kupinda cha nini? Kilichonyooka kina dhambi gani?"

"Kona zinanikimbia, shangazi. Kilichopinda kinazileta karibu."

Maneno yale nikayasikia, yakakaa mahali ndani yangu, sikujua yamekaa juu ya nini.

Alikuwa amedunduliza hela, lakini si za kutosha kioo cha wakubwa. Akanichukua mimi twende dukani, kwa sababu mjini hapa anajulikana mtu mmoja tu ambaye muuzaji akimwona anashusha bei kabla ya salamu.

Muuzaji alikuwa kijana wa kalamu sikioni, amevaa fulana ya kubana. Akatuwekea viwili juu ya meza. Kimoja kipana, kimenyooka, hezi chache. Kingine kidogo, kimepinda, hezi mia na arobaini na nne. Nikakitikisa cha pili kwenye shingo. Kikacheza.

"Hiki kinatetemeka kama mwizi," nikasema. "Halafu kimepinda. Utatupunguzia kiasi gani kwa kupinda?"

"Mama, hicho kimepindwa makusudi. Kupinda ndiko kunakolipiwa."

"Alaa! Na mgongo wangu huu umepinda kuliko hicho. Nipe bei yake."

Duka zima likacheka. Hata Nyigu, ambaye dukani huwa ananionea haya, alishika kaunta akacheka mpaka machozi. Nakumbuka kicheko kile. Kilikuwa cha mtu mwenye uhakika kwamba ugonjwa wake umejulikana na dawa iko mezani.

Kijana hakuwa mwongo. Alimwambia wazi kwamba hiki cha bei nafuu, gizani kinaburuta, kitu cheusi kikipita haraka kinaacha mkia. Na mwanga wake si mkali. Nyigu akauliza kuhusu matundu ya waya nyuma, akauliza kama kinashuka na kupanda, kikawa hakishuki wala hakipandi. Aliinamia kukitazama, uso umekaribia kugusa. Kila kasoro akaikubali. "Mkia nitauvumilia," akasema. "Nipe hezi na mkunjo." Nikambana muuzaji, akapunguza, akatutupia na waya mpya juu, tukatoka.

Mlangoni Nyigu alimkumba mwanamke aliyekuwa akiingia kutoka kushoto.

"Dada, huoni?" yule mwanamke akafoka.

"Samahani, boksi limenikinga."

Boksi alikuwa amelibeba upande wa kulia.

Nyumbani tukafanya jambo ambalo watu wa ukoo wetu tu ndio wangelifanya. Waya wa kioo cha zamani nilikuwa nimeushonea mfuko wa kitambaa, nikaufunga kwenye mguu wa meza kwa mishono ya nguvu, mtu asije akajikwaa. Kushonoa ilikuwa kazi. Waya mpya nao ulikuwa mpya kabisa, umefungwa kwa nailoni, unanukia. Katika nyumba yetu kitu kipya hakitumiki maadamu cha zamani kinapumua. Akiba haiozi. Tukachomeka kioo kipya kwenye waya wa zamani, na ule mpya nikauweka kabatini pamoja na mashuka ya wageni.

Nyigu akacheza. Akafa. Akacheza tena, akafa.

"Nitakizoea," akasema. "Kinahitaji kuzoewa."

Siku zikapita, kuzoea hakukuja. Aliacha kunitania. Akawa anasogeza kiti mbele, anarudisha nyuma, anakigeuza kioo kidogo kuume, kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia. Na mimi nikawa nimekaa kitandani kwangu namtazama kupitia mlango, nikaona nimewahi kuiona picha hii. Kaka yangu, na taa yake. Alianza kwa kulaumu brashi, akanunua nyingine. Akalaumu taa, akanunua kubwa zaidi. Akapasua ukuta apanue dirisha. Na bango la mwisho aliloandika lilianza vizuri katikati, pembeni herufi zikaporomoka zote kama watu wameshikwa na usingizi. Aliniambia, "Dada, herufi za pembeni zinanikimbia."

Nikayatoa yale maneno ya Nyigu pale nilipoyaweka. Yalikuwa yamekaa juu ya maneno haya.

Sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba yule alikuwa na rangi, huyu hana.

Jumapili ya kabla ya kujipima, mchana kweupe, Kapteni akaja kuona kulikoni. Akabonyeza hapa na pale, akajipiga paji la uso.

"Nyigu! Kioo kipo kwenye sitini! Mmenunua gari la mbio mkaliendesha kwa gia ya kwanza. Waya gani huu mzee mmeuvalisha suruali? Haupitishi zaidi ya sitini!"

Sijawahi kufurahi kutukanwa kama siku ile. Nikakimbilia kabatini, mimi mwenye magoti haya, nikautoa waya mpya chini ya mashuka. Nikachukua wembe, nikakata mishono yangu mwenyewe. Nyigu alikuwa anacheka, anapiga makofi. "Shangazi, kumbe ulikuwa unaniua wewe na uzi wako!"

"Mimi tena! Niue na mimi basi!"

Kapteni akachomeka, akabadilisha ile namba. Kisha akakishika kipanya, akazungusha kile kishale kwa haraka. Nami nikaona. Mwanzo kilikuwa kinaruka vipande vipande kama panzi. Sasa kiliteleza kama tone la mafuta kwenye sahani. Mimi bibi kizee wa kuanzia enzi za taa za kandili, niliona.

"Ehee!" nikasema. "Sasa kinateleza!"

"Umeona mama? Nyigu, shika."

Nyigu akashika. Akazungusha. Akazungusha tena, taratibu, halafu haraka. Uso wake ulikuwa bado una kicheko, lakini kicheko kilikuwa kimesahauliwa pale.

"Umebadilisha tayari?" akauliza.

"Tayari."

"Mbona ni vile vile?"

"Acha utani wewe."

"Sioni tofauti, Kapteni."

Kapteni akanitazama. Akarudisha kwenye sitini, akapeleka tena mia na arobaini na nne, akamwambia sema ni ipi. Akakosea. Akasema tena, akakosea. Halafu Kapteni, bila kusema neno, akanyoosha mkono wake mnene upande wa kushoto wa kichwa cha Nyigu, akachezesha vidole. Nyigu aliendelea kutazama kishale.

"Mnasubiri nini?" akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya macho. Daktari alikuwa mama wa makamo, hakuwa na haraka. Akampima, akampulizia hewa machoni, akamwonyesha vitone vya mwanga kwenye mashine. Akasema ni presha ya macho, inakula taratibu kuanzia pembeni, haiumi, na inatembea katika damu ya ukoo. Akauliza kama kuna mtu katika familia. Nikasema baba yake, lakini yule alikuwa rangi.

"Haikuwa rangi, mama," akasema.

Nyigu alinigeukia. Ilimbidi ageuze kichwa chote ili anione, nilikuwa nimeketi kushoto kwake.

"Kwa hiyo brashi nilikatazwa bure," akasema.

Daktari akampa matone ya kutia asubuhi na jioni. Akasema yaliyokwenda hayarudi, yaliyobaki tutajaribu kuyalinda, lakini mngekuja mapema. Wote husema mngekuja mapema.

Kobe alichukua kiti. Na yule Kobe, kwa habari nilizonazo, ndiye aliyeajiriwa. Alituma salamu, na pakiti ya biskuti. Nyigu alizila, akasema Kobe ana roho nzuri, tatizo lake ni mwendo.

Kioo tumebaki nacho, nani atakinunua kimepinda? Akitoka dukani kwenye kopi zake anakiwasha, anacheza na watu asiowajua, wasiojua kwamba aliwahi kuwa Nyigu. Mimi naleta kigoda, nakaa upande wake wa kushoto, nakodoa macho kwenye ile kona. Nikimwona mtu kwenye dirisha napiga kelele:

"Kushoto! Kushoto, mwanangu!"

Kioo kinakuwa kimekwisha kuwa chekundu, ameshauawa.

"Umechelewa, shangazi," ananiambia.

"Haya, anza tena."

Anaanza tena. Ulimi wangu ni wa miaka sabini na kitu, na risasi za mle ndani hazimsubiri mtu. Tangu tuanze sijawahi kuiwahi hata moja.