Sifuri Ambayo Mama Mdogo Hakuiandika

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Tovuti ya kuandikishia samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya ushirika wetu wa wavuvi niliijenga mwenyewe, hapa Makoko, kando ya ziwa. Fremuweki, ile programu niliyoijengea, ina amri ya mstari mmoja tu: inaingia kwenye hifadhidata, inarudi na wastani wa kilo kwa kila mtumbwi. Ripoti ya kwanza ikasema mwalo wa Kiriba unaongoza, kilo arobaini kwa mtumbwi. Kiriba! Watu walikuwa wanalia samaki wameadimika.

Karani wa mwalo ule ni mama mdogo wangu. Kamati ya ushirika ikasema anapika takwimu, Ijumaa anaondolewa. Na mimi, badala ya kumtetea, nikampigia simu nikamfokea: "Mama mdogo, unaniaibisha!" Akakata simu.

Alhamisi nikapanda bodaboda mpaka Kiriba. Nilimkuta mwaloni na simu yake ya kazi. Mtumbwi ukaingia, ndoo tupu.

"Mmerudije?" akauliza.

"Tumelisalimia ziwa tu, mama."

Akaandika namba ya mtumbwi, sehemu ya kilo akairuka.

"Mbona hujaweka sifuri?" nikamuuliza.

"Mtu amepiga kasia tangu alfajiri, mimi nimwandikie sifuri? Huku hatusemagi hivyo. Naachaga wazi."

Loo! Nikakaa mchangani. Kumbe palipoachwa wazi ile amri haipahesabu kabisa. Mitumbwi kumi ikitoka, miwili ikipata samaki, inajumlisha kilo halafu inagawa kwa mbili. Mialo mingine wanaandika sifuri, ndiyo maana yao ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimemfokea mzazi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikafungua kompyuta palepale, nikaelekeza kila palipo wazi pasomeke sifuri kwanza, ndipo wastani upigwe. Arobaini ikashuka hadi nane.

Ijumaa nikasimama mbele ya kamati nikakiri. Walinicheka kidogo, mama mdogo akabaki na kazi yake. Jioni nikampelekea ripoti mpya, nikamwomba radhi.

"Yameisha, mwanangu. Hasira zako umezirithi kwa mama yako."

Tukacheka. Akavaa miwani, akaanza kuisoma, mtumbwi mmoja mmoja. Kila alipokuwa ameacha wazi, mashine ilikuwa imejaza sifuri. Kicheko kikamwisha. Akaikunja ile karatasi, akanirudishia.

"Kumbe umewaandikia," akasema.