Jina la Mulonda Lilicheza, Mulonda Akafungiwa

Kuna siku ninayoikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilisikia jina la mtu likishangiliwa huku mwenye jina nimemfungia ndani. Nimeambiwa umepewa filimbi, kwamba sasa wewe ndiye mwalimu wa basketi pale chuoni. Nimefurahi sana. Kaa basi unisikilize, maana filimbi hiyo niliivaa shingoni zaidi ya miaka ishirini, na nusura initoke kabisa mwaka wa kwanza tu.

Ilikuwa wakati Kongo yetu ikiitwa Zaire. Tuliitana sitwayeni, yaani raia, tai za shingoni zilikatazwa, na majina ya ubatizo tuliambiwa tuyaweke kando turudi kwenye ya mababu. Mimi nilikuwa kijana mwenye abakosti moja, lile koti la kuvaliwa bila tai, na kiburi cha abakosti kumi. Chuo cha ualimu hapa Kalemie kilinichukua kwa majaribio, na mkurugenzi alisema mbele ya wote: tukiwashinda vijana wa Kabalo tutakwenda kucheza Lubumbashi, nami nitabaki na kazi yangu. Tukishindwa, atatafuta mwalimu mwingine. Tangu siku hiyo nikawa naota kikapu tu.

Kanuni ilitaka wachezaji kumi, wote wanafunzi, kila mmoja na karti, yaani kadi, yenye jina na picha yake. Tisa wangu walikuwa wazuri. Wa kumi alikuwa Mulonda, kijana kutoka upande wa Moba, mfupi, na mkono wake ulikuwa na ugomvi na kikapu. Lakini hakukosa mazoezi hata siku moja. Mbuzi wa majirani walikuwa wakifuta mistari ya uwanja, naye kila asubuhi aliichora upya kwa majivu aliyoyaomba jikoni. Hakuna aliyemtuma.

Tulikuwa pia na rafiki, Wilondja, mvuvi kutoka kaskazini ya ziwa, mrefu huyo! Alipouza samaki wake alikuja kucheza nasi, na mikono iliyozoea nyavu ilishika mpira kama chungwa. Hakuwa mwanafunzi. Shetani hana kazi ngumu kwa mtu mwenye haraka: nilimtazama Wilondja, nikaitazama karti ya Mulonda ambayo picha yake ilikuwa imefifia, nikamaliza hesabu yangu.

Nilimwita Mulonda nikamwomba karti. Aliishika kidogo, akanipa.

"Na miye nitakuwa wapi, Mwalimu?"

"Kwenye chumba cha mipira. Usionekane."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakuniambia kwamba alikuwa amemwandikia mama yake barua, kwamba safari hii atavaa jezi. Kijana aliyelelewa vizuri hampingi mwalimu wake, nami niliitumia heshima yake kumnyang'anya. Hadi leo naona haya.

Siku ya mchezo treni ya Kabalo ilichelewa, kama kawaida yake, na wageni waliingia uwanjani bado wana vumbi la safari. Nilikuwa nimeufunga mlango wa chumba cha mipira, ufunguo mfukoni. Wilondja alicheza siku hiyo, wacha! Kila alipofunga, mtangazaji aliita kwa kipaza sauti: "Mulonda! Mulonda tena!" Na kila jina hilo lilipoitwa, mama mmoja upande wa pili, aliyekuwa akitazama dhidi ya jua, alipiga vigelegele na kupaza sauti: "Papa! Papa yangu!"

Mwanangu, unajua desturi. Mtoto akipewa jina la babu mzaa mama, mama yake humwita papa, yaani baba. Nilisikia vile vigelegele nikajua ni nani amekuja kwa boti kutoka Moba. Lakini tulikuwa tunaongoza. Nikajifanya kiziwi.

Wakati wa mapumziko akavuka uwanja, kikapu cha samaki kichwani, uso umejaa furaha, aje kumkumbatia mwanawe. Akafika mbele ya Wilondja. Akasimama. Akamtazama kuanzia miguuni hadi juu, na huko juu palikuwa mbali.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu haiko mutoto wangu. Mulonda iko wapi?"

"Mama, polepole tafadhali. Tumalize kwanza, halafu nitakueleza yote."

"Ile jina ni ya baba yangu. Nilimuzika miye mwenyewe, tena nikamurudisha kwa tumbo yangu. We umeipatia nani?"

Angeweza kupiga kelele, mwamuzi alikuwa hatua chache tu. Hakupiga. Alitua kikapu chake, akaketi chini karibu na miguu yangu, akasema, "Nitamungojea hapa." Angenitukana ningepata la kujitetea. Kule kungoja kwake ndiko kulikonivunja.

Wilondja ndiye aliyesogea kwanza. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akaniwekea mkononi. "Mwalimu, ungeniambia ni jina ya muzee, singevaa." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapo mimi ndiye niliyebaki uchi mbele ya chuo kizima.

Nilikwenda kufungua mlango. Mulonda alikuwa ameketi juu ya sanduku, amekwisha kuijaza upepo mipira yote, ameipanga. Alisimama kwa adabu, akaniuliza, bila hasira hata chembe:

"Mwalimu, nimefunga ngapi?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na wazazi, wakurugenzi, hata askari. Hilo ndilo pekee lililonitoa machozi. Nilimpa jezi yake, nikaenda moja kwa moja kwa mwamuzi, nikasema kweli yote kwa mdomo wangu. Ushindi ukapewa Kabalo. Wao ndio waliokwenda Lubumbashi.

Lakini watu walikuwa wamekuja kuona mchezo, na vijana wa Kabalo walikuwa waungwana. Walikubali kumalizia kipindi cha pili bure, kwa kucheza tu. Mulonda aliingia. Mwanangu, nisikudanganye: alikosa yote! Na mama yake alipiga vigelegele kila alipogusa mpira. Mwisho aligawa samaki wake kwa timu zote mbili, na mimi akanipa kichwa cha mukebuka, samaki mnono wa ziwa letu. "Shika kichwa, Mwalimu. Itakusaidia kuwaza." Watu walicheka, nami nikacheka nikila, huku macho yananiwasha.

Siku hiyo hiyo mkurugenzi aliniondoa. Mwaka mzima nilifundisha watoto wadogo kuruka kamba. Halafu akaniita tena, na sikujua sababu mpaka alipostaafu na kunikabidhi barua ya zamani: wachezaji kumi waliniombea, kila mmoja ametia sahihi kwa jina lake. Mwandiko wa barua ulikuwa wa Mulonda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini wakati mwingine anayekuundia koleo jipya ni yule uliyemchoma kwa lile la kwanza.

Basi shika haya. Ukipanga timu, anza kuwatazama kutoka mwisho wa benchi, maana walio mbele wanaonekana hata na kipofu. Usimwombe kijana kitu ambacho heshima yake haimruhusu kukukatalia. Huko si kuomba, ni kupora kwa sauti laini. Ukikosea, sema mapema na useme wewe mwenyewe, usimwachie mama wa watu kazi ya kukuumbua. Na kikombe kitakupita, mwanangu. Vilinipita vingi, vingine nilivipata, na sasa hata sijui viko kabati gani. Yule kijana sijamsahau.

Nenda sasa, mazoezi yasianze bila wewe. Mungu akupe pumzi ya kuipiga filimbi hiyo hadi mvi zikujae, akupe wachezaji wazuri na wale wabaya wenye moyo. Na kila jina litakaloitwa katika uwanja wako, mwenyewe awepo aitike.