Maua Kichwani

Mdogo wangu anakoroga hina jikoni kwangu kwa maji ya ndimu, na harufu yake inanirudisha wodini, Dar es Salaam, siku ya Idi. Wakati ule alikuwa mtoto mdogo, anatibiwa saratani ya damu. Nywele zilikuwa zimempukutika zote, akajifunika shuka gubigubi, hataki kuonwa na mtu.

Bibi alifika kutoka Kaole na bakuli la hina. Alimwomba daktari ruhusa kwanza, ndipo akaketi kitandani.

"Shikamoo bibi," sauti ilitoka ndani ya shuka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nipe hicho kichwa. Wenzio leo wamepakwa mikono tu."

Shuka likateremka taratibu. Bibi alichora kwa kijiti, ua baada ya ua, kutoka utosini hadi nyuma ya masikio, mimi na mama tukitazama. Hina ilipokauka na kuoshwa, mama alimshikia kioo. Akajigeuza huku na huku.

"Bibi, nywele zikiota si zitafunika maua yangu?"

"Zitafunika. Hapo tutahamia miguuni."

Akaomba ateremshwe, akaizunguka wodi nzima kichwa wazi, akiwapa watu mkono wa Idi.